Kichocho Kinachojua Kalenda

Hapa Garsen hakuna mdomo kama wangu. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu mtu akipewa kitu na Mungu si vizuri akakificha. Sijawahi kukosa neno, na neno nililolisema halijawahi kuwa si kweli. Waulize wanaokuja kibandani kwangu kutengeneza simu. Hata simu ikinishinda, mwenyewe huondoka akicheka. Nesi Darmi wa hospitalini aliniletea yake, haisikiki sikioni. Nikaifungua, nikaipuliza, nikaifunga, nikamwambia, "Dada, hii sasa utasikia mpaka mtu anachowaza." Akaondoka ameridhika. Fundi ni mdomo kwanza, bisibisi baadaye.

Jina langu Nassir. Kwetu ni Kipini, lakini tulihamia Garsen, mimi na mama yetu Mwanamize, tukimfuata dada yangu Hafidha alipopata kazi katika duka la dawa za mifugo. Kazi hiyo ilimfaa kama kanzu siku ya Idi. Wafugaji wa Kiorma wanatoka huko uwandani, wanasimama mbele ya kaunta, wanaanza kueleza maradhi ya ng'ombe, na Hafidha anawajibu huku anapekua rafu.

"Hafidha, ng'ombe yangu nakohoa," anasema Roba, mteja wake wa kila wiki.

"Anakohoa au anakucheka?"

"Nakohoa. Usiku na mchana."

"Basi umemsimulia hadithi zako usiku na mchana. Shika hii, sindano moja leo, moja kesho kutwa. Na wewe mwenyewe nyamaza, apumzike."

Roba hucheka mpaka fimbo inamdondoka. Mama husema alizaa redio mbili na hakupewa kitufe cha kuzima.

Sasa, siku Hafidha alipomwambia mama kwamba anakojoa damu, mimi nilikuwa sebuleni na sahani ya wali mapajani. Walikuwa chumbani wakinong'ona, lakini pazia si ukuta. Nikasikia, nikacheka.

Mtu wa Nairobi atashtuka hapa. Sisi hatushtuki. Mtoto aliyekulia kando ya Tana, akaoga kwenye madimbwi yanayoachwa na mto na kukanyaga majaruba ya mpunga, kukojoa damu kwake ni kama kung'oka meno ya utoto. Shuleni tulikuwa tukishindana mkojo wa nani mwekundu zaidi. Watu wa afya walikuja na ule mti wao wa kupimia: unasimama kando yake, kichwa kikifika hapa unapewa vidonge hivi, kikifika pale unaongezwa. Mimi nilikuwa nasimama kwa ncha za vidole ili nipewe vya warefu. Nikatapika nyuma ya darasa kama mrefu.

"Hicho kichocho," nikasema kupitia pazia. "Dada, ulioga wapi?"

"Toka hapo we! Nani kakuuliza?"

"Suala si nani kaniuliza. Suala ni maji gani."

"Nassir," mama akasema, "hebu ondoa hicho kitwa chako kwenye pazia langu."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kila mtu alilikubali, maana lilikuwa neno rahisi. Nikampakia Hafidha kwenye pikipiki, nikampeleka zahanati moja huko nje ya mji, nikamweleza aliyekuwa zamu kabla dada yangu hajafungua mdomo: kichocho. Akatazama, akakubali, akatoa vidonge. Hafidha akameza. Siku chache, damu ikakatika. Nikatangaza ushindi mpaka kwa jirani.

Kisha ikarudi.

Vidonge tena, ikakatika. Ikarudi. Mtu mwingine angeanza kulitilia shaka lile neno. Mimi nilimtilia shaka Hafidha.

"Unarudi majini," nikamwambia. "Sisi tukienda kazini wewe unakwenda kuoga na mamba."

"Mamba ana adabu kuliko wewe."

"Basi huyo mamba ndiye anayekuambukiza."

Na ukweli ni kwamba Hafidha hakuwa amekanyaga mto tangu shule ya msingi. Mvua ikinyesha hata dimbwi la mlangoni hulizunguka kama paka.

Damu haikuwa peke yake. Kulikuwa na tumbo, na kulikuwa na mgongo, huku chini ya mbavu upande wa kushoto. Tumbo lilikuwa la mama. Mama alisema ni chango la wanawake, akachimba mizizi, akaichemsha kwenye sufuria iliyonuka mpaka Roba akauliza kama tunatibu punda. "Mimi pia nilikuwa hivi hivi," mama alikuwa akimwambia Hafidha, "na bibi yako hivi hivi. Ukishazaa hutulia." Mgongo tuliupa magunia ya chumvi ya ng'ombe ambayo Hafidha alikuwa akiyabeba dukani, kwa hiyo Roba na wenzake wakaamriwa wajibebee. Damu ilikuwa yangu, mimi daktari wa kichocho. Dada yangu mmoja tulimgawa vipande vitatu, kila kipande na tabibu wake, na hatukukutana hata siku moja kulinganisha wagonjwa wetu.

Tena kulikuwa na jambo jingine, na hili nalisema polepole kwa sababu sidhani lingetokea kwa watu wengine. Hafidha hakuwa akienda kupimwa akiwa anaumwa. Alikuwa akienda akishapona.

Siku zinapomshika alikuwa anajikunja chumbani, mlango umefungwa, anasema ana usingizi. Nani angebeba kikombe chekundu mchana kweupe mpaka kwenye kidirisha cha maabara, na mpimaji mwenyewe ni kijana aliyesoma naye madrasa? Basi anangoja. Siku zinakwisha, anaoga, anajitwaharisha, anajifukiza udi, anavaa buibui lililopigwa pasi, anatoka ukumbini ananukia kama bibi harusi. "Haya Nassir, nipeleke." Nampeleka. Kikombe kinatoka cheupe kama maji ya chupa. Mpimaji anatazama, anatikisa kichwa: hakuna mayai ya kichocho, hakuna kitu. "Labda dawa imefanya kazi," anasema. Nami nanyoosha kola yangu.

Nyumbani kwetu mwanamke hujisafisha kabla ya kwenda mahali pa maana. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba hospitalini ndipo mahali pekee unapotakiwa kwenda na uchafu wako.

Mimi ndiye niliyegundua, na niligundua kwa sababu ya uchokozi.

Ramadhani nyumbani kwetu mwanamke aliye kwenye udhuru hatangazi. Anapika na wengine, anakaa kwenye mkeka wa futari na wengine, anashika tende anasema bismillahi kama aliyeshinda na njaa. Hakuna anayeuliza. Kaka kuuliza ni sawa na kuingia bafuni bila kukohoa. Lakini mimi nilijua maficho ya Hafidha: nyuma ya jiko, kati ya mapipa ya maji, na kiporo cha daku na kikombe cha chai iliyopoa. Kazi yangu ilikuwa kunyata mpaka mlangoni, halafu nakohoa kikohozi kizito cha imamu. Unasikia sambusa nzima inamezwa bila kutafunwa.

"Subhanallah," nasema kwa sauti, "funga ya mwaka huu kali!"

Kata inaruka, inanipita sikioni. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu.

Ramadhani iliyopita nilinyata, nikakohoa, na sikusikia kitu kikimezwa. Nikachungulia. Hafidha alikuwa ameketi sakafuni, paji la uso kwenye pipa, mkono umekamata ubavu wa kushoto kana kwamba kuna mtu anataka kuuchukua. Kiporo hakikuguswa. Hakunirushia kata.

"Nenda zako, Nassir," akasema. "Usimwambie mama."

Jioni hiyo mama akanung'unika jikoni kwamba kichocho cha Hafidha kimerudi tena. Nami nikabaki na tende mkononi, adhana imeshaisha, sijaila. Kwa sababu nilikumbuka. Shaabani, Hafidha alipokuwa akilipa funga zake za mwaka uliopita, aliacha katikati, na siku alizoacha kichocho kilikuwepo. Alipoendelea, kilikuwa kimekwenda. Mwezi wa kabla yake vilevile. Siku za kiporo nyuma ya jiko na siku za damu zilikuwa siku zile zile. Na mgongo pia. Na tumbo pia. Mdudu gani huyu wa majini aliyejifunza kusoma kalenda?

Nilitaka kusema. Lakini kwa nani? Mama? Kwa kuanzia na sentensi gani? "Mama, mimi huwa nahesabu siku za dada." Angenirudisha Kipini kwa mguu. Neno nikalikalia, likingoja mahali pake.

Mahali penyewe palikuja baada ya Idi. Nilikuwa kibandani Roba akatokea mbio, bila fimbo. Mworma ukimuona bila fimbo ujue jambo si dogo.

"Hafidha anguka dukani," akasema. "Natapika. Mwili nawaka moto. Mimi naweka yeye kwa tuktuk, nakwenda hospitali. Wewe ita mama."

Tulipofika alikuwa kitandani, midomo imekauka, ubavu wa kushoto hautaki kuguswa. Kwa mara ya kwanza alikuwa hospitali katika siku zake, kwa sababu safari hii hakupewa nafasi ya kuoga kwanza. Nesi Darmi alikuwa anamfunga dripu. Daktari aliyekuwa zamu ni Daktari Tuneya, Mpokomo mtaratibu ambaye hata kikohozi chake kina salamu. Akapaka ile jeli, akatembeza kile kifaa cha mashine ya picha tumboni, kisha mgongoni kushoto, akasimama hapo. Akakirudisha. Akasimama tena. Mtu mtaratibu akisimama mara mbili unaogopa.

"Mama," akamwambia mama yetu, "figo la kushoto limejaa maji. Tazama hapa, hili jeusi lote. Mkojo unatengenezwa vizuri, unashuka kwenye mrija wake kuelekea kibofu, halafu huku chini njia imebanwa. Hauna pa kwenda, unarudi juu. Na sasa umeingia uchafu, ndiyo hiyo homa."

"Ni jiwe?" mama akauliza.

"Jiwe silioni."

"Kichocho," nikasema. Mdomo ulijitokea wenyewe.

Daktari akanigeukia. "Inawezekana. Kichocho kikikaa miaka kinaubana mrija hivi hivi, na huku kwetu ndicho cha kwanza mtu kukifikiria. Kama ni kichocho nitamtuliza homa, nimpe vidonge, arudi baada ya muda tutazame tena." Akaonyesha tena lile jeusi. "Ila kama ni kitu kingine, hili figo halina muda wa kungoja. Limeshachoka. Tukilipeleka njia isiyokuwa yake, tutakuja kuliona hapa limekuwa mfuko mtupu."

Chumba kikawa kidogo. Akamwinamia Hafidha. "Dada, hii damu huja lini? Inafuatana na siku zako?"

Hafidha akamtazama daktari, mwanamume. Akamtazama mama. Akanitazama mimi. Halafu akatazama dari, yule Hafidha ambaye wafugaji wa wilaya nzima humwogopa kwa majibu.

"Hapana, daktari," akasema. "Huja tu."

Mama akavuta leso yake, akaitengeneza mahali ilipokuwa imekaa sawa. Daktari akaanza kufuta jeli. Nikaona vidonge vile vile vinakuja, safari ile ile, kikombe kile kile cheupe, na figo la dada yangu linageuka mfuko.

Basi nikasimama katikati ya chumba, mikono nyuma kama wakili wa Mombasa, nikamtazama daktari usoni.

"Daktari," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imetulia, "dada yangu anasema hapana kwa sababu ya haya. Jibu ni ndiyo. Kichocho chake kina kalenda. Siku ambazo hafungi Ramadhani ndizo siku anazokojoa damu, na ndizo siku mgongo unapomuuma. Zikipita anapona. Na kila tulipompeleka kupimwa tulimpeleka ameshapona, ameoga, amejifukiza udi. Hakuna mtu aliyewahi kuupima mkojo wake wa siku zenyewe. Hata mmoja."

Hata dripu nadhani iliacha kudondoka. Daktari akamgeukia Hafidha. "Ni kweli?"

Hafidha akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Kuanzia hapo yule daktari mtaratibu akawa mtu mwingine. Mkojo ukachukuliwa pale pale, na ulikuwa mwekundu, na kichocho hakikuwamo. Akavuta kiti akaketi karibu na mama, akaeleza kwa upole. Kuna utando ndani ya kizazi, alisema, ambao ndio unaotoka damu kila mwezi. Kwa wanawake wengine, utando wa namna hiyo huota mahali pasipo pake, na popote ulipoota huvuja damu mwezi ukifika, kama umepigiwa simu. Wa Hafidha inaonekana umeota mpaka kwenye kibofu, na mwingine umeuzunguka ule mrija wa figo, kila mwezi unavimba, kila mwezi unaacha kovu, kovu linakaza. Jina lake ni endometriosisi.

"Kwa hiyo si chango?" mama akauliza.

"Mama, wengi mnaowaambia wana chango, hiki ndicho walicho nacho. Hukukosea kwamba anaumwa. Ila maumivu yanayomlaza mtu chini kila mwezi si ya kuvumilia, na hiki chake kimetembea mbali."

"Basi hata mimi, miaka yote ile..." mama akasema. Hafidha akamshika kidole kimoja, kama mtoto anavyoshika.

Daktari Tuneya hakungoja. Alipiga simu Mombasa, akaongea na bingwa mmoja kwa majina marefu marefu, na gari la wagonjwa likamchukua Hafidha na mama siku ile ile. Huko walimpitishia mrija mwembamba wa plastiki kupitia kibofu hadi kwenye figo, maji yaliyofungiwa yakashuka, homa ikashuka nayo. Mama alinipigia simu akilia na kucheka: "Mwanangu, mfuko huu wa kitandani umejaa mkojo! Umejaa!" Sijawahi kusikia mtu akiufurahia mkojo namna ile. Baadaye, mwili ulipopata nguvu, wakampasua. Wakakata kipande cha mrija kilichokazwa, wakauunganisha upya na kibofu, wakaondoa ule utando walioweza kuufikia. Akapewa na dawa za kuutuliza uliobaki, za kumeza bila kuruka, na tarehe za kurudi kutazamwa.

Figo je? Nilipowafuata Mombasa, bingwa alisema limechelewa kidogo, lakini halikufa. Linafanya kazi kama nusu ya mwenzake.

"Kama Nassir nyumbani," Hafidha akamjibu, na dripu bado iko mkononi. Ndipo nilipojua dada yangu amerudi.

Amerudi na dukani pia. Magunia bado Roba na wenzake ndio wanaobeba, kwa sababu wamezoea na Hafidha hakuwakumbusha kwamba si lazima tena. Lakini kuna jipya. Wanawake wakija pale, wa maziwa, wa samaki kutoka Ozi, hata wasio na kuku wa kutibiwa, anawainamia juu ya kaunta anawaambia bila kupepesa macho: "Binti yako anaumwa akiwa katika siku zake? Mpeleke akiwa nazo. Usimngoje aoge. Mwambie daktari tarehe, na kama wewe unaona haya, njoo nikusemee mimi." Juzi alifunga duka adhuhuri akamsindikiza msichana mmoja mwenyewe, akaingia naye mpaka ndani. Yule aliyetazama dari.

Na mimi? Mimi nilikuwa na hadithi, na kibanda cha kuisimulia. Wiki iliyopita Roba alikuwa ameketi kwenye kreti, anangoja simu yake ichaji, nami niko mahali patamu pa hadithi.

"...basi nikasimama katikati ya chumba," nikamwambia, bisibisi hewani, "mikono nyuma, kama wakili, nikamtazama daktari usoni..."

"Usoni kwa nani?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka. Nesi Darmi, bado na sare ya kazini, na kando yake Hafidha, mfuko wa nyanya mkononi.

"Dada Darmi! Karibu, karibu kivulini..."

"Usinikaribishe, endelea. Ulisimama wapi?"

"Pale... hospitalini. Ndani."

"Ndani ya nini?" Darmi akamgeukia Roba. "Roba, nikuambie. Daktari alipouliza lile swali na Hafidha akajibu hapana, huyu alisema anakwenda kununua maji. Akatoka. Kidogo simu yangu inalia. Napokea, nasikia mtu anahema kama ndama aliyefukuzwa na fisi. Nikachungulia dirishani. Namuona nyuma ya tangi la maji, amejifunika shati kichwani, anaongea na ukuta."

Roba alianza kucheka polepole, kutoka tumboni.

"Lakini nilisema," nikasema. "Jamani, si nilisema? Maneno ni yale yale!"

"Maneno ni yale yale," Hafidha akakubali. "Ila umeacha ya mwanzo. 'Dada Darmi, nakuomba, usimwambie mtu yeyote kwamba ni mimi.'"

Nikamtazama. "Wewe ulijuaje? Nilikuwa naongea na Darmi. Sikioni!"

Darmi akafungua mkoba, akatoa simu, akaiweka juu ya meza yangu kati ya bisibisi na betri.

"Sikioni? Simu hii, uliyonitengenezea wewe? Tangu siku ile haisikiki mpaka niwashe spika. Chumba kizima kilikusikia, Nassir. Daktari alikusikia. Mama yako alikusikia. Bibi wa kitanda cha pili alikusikia mpaka akasema amina."

Roba akaanguka kutoka kwenye kreti. Hafidha hakucheka. Aliweka mfuko wa nyanya chini, akaegemea meza, na nikaona kwamba alikuwa amelijua hili tangu kitandani, tangu alipofumba macho akaitikia kwa kichwa, na amelitunza miezi yote hii akingoja siku yake.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikaufungua tena.

"Sema tu, mdogo wangu," akasema Hafidha. "Sote tunakusikia."